Mwizi wa Sinema na Mchumba Wangu

Mume wangu alikuwa na kovu lililoanza chini ya sikio la kushoto likashuka hadi pembe ya mdomo. Alilipata utotoni, akichunga. Dume la ng'ombe liligeuza kichwa ghafla na pembe ikampitia shavuni. Halikuwa na hasira, alikuwa akisema. Lilikuwa linafukuza nzi tu. Marehemu hakupenda kuongeza chumvi katika habari zake. Naanza na kovu hilo kwa sababu, katika miaka ya hamsini, nusura linikoseshe ndoa, na aliyesababisha hayo alikuwa mtu asiyetujua kabisa, mwizi wa kwenye sinema.

Tulikaa karibu na misheni ya Ushirombo. Nilikuwa nimesomeshwa na masista, nikawa nafundisha watoto sala na katekisimu. Yeye alikuwa kibarua kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita, akichonga na kusimamisha magogo ya kushikilia paa kule chini ya ardhi. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kuelewana, na Jumapili moja padri akasoma majina yetu kwa mara ya kwanza. Kwa utaratibu wetu majina husomwa Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi ajitokeze. Watu walikohoa kidogo, wakanigeukia, basi.

Juma lile lile likaja gari la sinema.

Lilikuwa la mfanyabiashara wa sabuni. Mchana lilizunguka likipiga muziki, na jioni shuka jeupe likatundikwa kati ya nguzo mbili kwenye uwanja wa mnada. Mfasiri wake, kijana mcheshi kutoka pwani, alipanda juu ya gari na kipaza sauti, akawa anatueleza kila kinachosemwa kwa Kiingereza. Kabla ya hapo tulikuwa tumezoea magari ya serikali, ambayo yalituonyesha namna ya kupanda pamba na kuchimba choo. Mtu aliyepigwa picha akipanda pamba alikuwa kweli anapanda pamba. Kwa hiyo wengi wetu tulikaa kwenye nyasi tukiamini kwamba tutakachoona kimetokea mahali fulani, na mwenye mashine alikuwepo.

Ilikuwa picha ya mpelelezi na mwizi wa benki, katika mji wa mvua isiyokatika. Mwizi hakuonyeshwa mara moja. Kwanza tuliona viatu vyake vikikanyaga maji. Halafu kivuli chake ukutani, kirefu kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Muziki ukawa mzito. Ndipo akawasha sigara, na mwanga wa kiberiti ukampiga shavuni.

Kovu. Kutoka sikioni hadi mdomoni.

Kisha sauti ya mwanamume ikatoka nyuma yetu: "Jamani, si mkwe wetu huyu wa Geita?"

"Mwacheni!" mwingine akadakia. "Anatafuta mahari!"

Watu walicheka hata mfasiri akawa hasikiki. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa amekaa nami mkeka mmoja. Hakucheka. Alifunika mdomo kwa khanga na hakuifunua mpaka mwizi alipokamatwa.

Asubuhi alikuja nyumbani kabla hatujamaliza kukamua.

"Ndugu yangu, umemwona yule?"

"Nimeona Mzungu anaiba," baba alijibu, huku anaendelea kusuka kamba ya ndama.

"Una macho lakini huoni. Mtu yule hakusalimiwa tangu mwanzo hadi wanamfunga pingu. Hana mama, hana shangazi, hakuna aliyemwuliza habari za kwao. Na hakula! Kila mtu kwenye picha ile alikunywa chai isipokuwa yeye. Sasa huyu wetu, nani amemwona akila?"

"Dada, utamwonaje akila, naye ni mkwe wako?"

Kwetu mchumba hali mbele ya mama wa binti wala shangazi yake. Ndiyo heshima. Shangazi aliijua desturi hiyo kuliko sisi sote, maana ndiye aliyetufundisha, lakini siku ile aliigeuza kuwa ushahidi.

"Ndicho ninachosema," alijibu. "Hatumjui."

Baba hakuwa mtu wa kubishana na dada yake, na binti hawezi kutoka nyumbani bila baraka za shangazi. Alikwenda kwa padri akaomba tangazo la pili lisubiri. Padri aliniita, akaniuliza kama bado namtaka mchumba wangu. Nilisema ndiyo. Akasema basi tuombe, na tungoje.

Jumapili ile majina ya wengine yalisomwa, yetu hayakusomwa. Shingo zote zilinigeukia, na mimi nikainua macho kwenye picha kubwa ya kufundishia iliyotundikwa ukutani, ambayo niliwaonyesha watoto kila wiki kwa fimbo. Upande mmoja walikuwa watu wema, nyuso laini, wameogeshwa mwanga. Upande wa pili wabaya, weusi, wamekunja migongo. Nilikuwa nikiwauliza watoto, "Mbaya ni yupi?" nao walinyosha vidole kabla sijawaeleza amefanya nini. Nilisifu majibu yao. Siku ile niliitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Katikati yake alisimama Bwana mfufuka, na mikono yake ilikuwa na makovu. Aliyeichora hakuthubutu kuyaondoa.

Mchumba wangu alifika kwa lori, likizoni, watoto wakimkimbilia nyuma na kupiga kelele, "Mwizi wa sinema! Mwizi wa sinema!" Tulisimama kuongea kwenye lango la misheni, mahali ambapo kila mpita njia angetuona.

"Umeiona picha yenyewe?" nilimwuliza.

"Kambini tumeonyeshwa hata tumechoka. Wananiita Bosi wa Benki." Alitabasamu kwa upande mmoja, maana upande wa kovu haukunyanyuka vizuri. "Kule haina neno. Tukishashuka chini, wote tuna uso mmoja wa vumbi. Hapa ndipo sikujua itakuwaje."

"Shangazi amekataa."

"Nimesikia tangu kwenye lori." Akapitisha kidole shavuni. "Ningeweza kulivua, ningelivua."

Hakwenda kubishana na mtu. Siku iliyofuata alikuja kwa baba na shoka lake, akaanza kung'oa nguzo za zizi zilizoliwa na mchwa na kusimamisha mpya. Shangazi akipita, aliacha kazi na kuinama kwa mbali. "Shikamoo, mama." Naye shangazi aliitikia, "Marahaba," akitazama chini. Kuacha shikamoo ya mtu bila kuitikiwa, hilo hata yeye hakuliweza.

Zizi lilikuwa linakaribia kwisha gari la sinema liliporudi kutoka Kahama. Safari hii walileta picha nyingine. Shangazi alikaa mbele kabisa. Picha ilikuwa ya mtoto mgonjwa na mama yake, usiku, wanamngoja daktari. Mlango ukafunguliwa, daktari akaingia na mkoba wake, amevaa koti jeupe. Mama alimnyoshea mtoto.

Shangazi alisimama wima. "Usimpe!" alipiga kelele. "Usimpe mtoto! Mwizi huyo!"

"Ndiye! Ndiye yule yule!" uwanja ukaitikia. "Ametoroka jela!"

Kweli alikuwa ndiye. Macho yale yale, mwendo ule ule. Ila shavu lilikuwa laini kama la mtoto mchanga. Kelele zilizidi, mfasiri ikambidi asimamishe mashine.

"Wazazi wangu, tulieni," alisema, naye anajizuia kucheka. "Huyu bwana kazi yake ni kuigiza. Leo daktari, kesho mwizi. Hakuiba kitu."

"Na kovu lake?" shangazi alimwuliza kwa sauti kubwa. "Limekwenda wapi?"

"Lilikuwa rangi, mama. Alipakwa asubuhi, jioni akanawa."

"Akanawa?"

"Kwa maji na sabuni. Na sabuni ninayo hapa garini, nzuri sana."

Watu walicheka, lakini shangazi hakuwa amemaliza. "Sasa mtu mzima na akili zake, kwa nini walimpaka kovu?"

Kijana alifikiri kidogo. "Ili mumjue mapema, mama. Picha ni fupi."

Shangazi alikaa chini polepole. Nilimsikia baba nyuma yangu, kwa sauti yake ile isiyo na haraka: "Picha yao ni fupi. Sisi tuna haraka ya nini, dada?" Mashine ikawashwa, na mama wa mtoto akampa daktari mtoto wake.

Kesho yake mchana nilikuwa nikitoka kisimani nilipomwona shangazi amesimama nyuma ya kihenge, ghala letu la mtama, amejibana, anachungulia. Upande wa pili wanaume walikuwa wamezunguka ugali. Nilisimama na mtungi wangu kichwani, sikuthubutu kupita. Alichungulia mpaka sahani zilipoondolewa, kisha akageuka akaniona. Hakuona haya.

"Anakula kama mtu mwenye njaa," alisema. "Na mnofu amemwachia baba yako." Akarekebisha khanga yake. "Mwambie baba yako aende kwa padri."

Jumapili iliyofuata majina yetu yalisomwa, na Jumapili baada ya hiyo pia. Nilimshukuru Mungu kwa kila moja.

Baada ya harusi tulikwenda Kahama kupiga picha, na shangazi alifuatana nasi kama ilivyopasa. Mpiga picha alikuwa mtu mwungwana. Alimwangalia mume wangu, akamshika kidevu, akamgeuza ili shavu la kushoto lifichike. "Hivi itapendeza," alisema. "Na likionekana kidogo, nina kalamu maalumu ya kulifuta."

Mume wangu alitii, akatazama ukutani.

Shangazi aliinuka kwenye kiti chake, akaja mpaka mbele ya mashine. Alikuwa hajawahi kumgusa mkwe wake, na siku ile pia hakumgusa. Alimwonyesha kwa mkono tu.

"Geuka huku, baba. Tazama mbele." Kisha akamwambia mpiga picha, "Na wewe, usimfute kitu. Nimemtafuta sana mtu huyu mpaka nikamjua."

Picha hiyo ninayo hadi leo. Mimi nimekaa, yeye amesimama na mkono juu ya kiti changu, anatazama mbele moja kwa moja. Pembeni, chini, kuna kipande cha khanga: shangazi hakuwahi kutoka mbele ya mashine kabla haijapiga.