Turubai Lililokosa Mtu wa Pili

Mimi nina mdomo, sikatai. Nina leseni tangu ujanani, na niliamini kabisa kwamba barabara za Eastlands, Nairobi, zinataka dereva asiyeogopa. Kwa hivyo kiwanda nilichofanyia kazi Industrial Area kiliponiachisha, na mke wangu akapata udereva kwenye bekari moja huko huko, mimi nikaajiriwa kumpakulia makreti ya mkate. Hebu fikiria! Mimi niko kiti cha abiria, mama watoto ndiye ameshika usukani.

Alikuwa kwenye majaribio ya mwezi mmoja. Mkate ulitakiwa ufike maduka ya mtaa wa Tena kabla watu hawajanywa chai, na mara mbili tulikuwa tumechelewa. Mwenye bekari alimwambia mbele yangu, "Mama, ukichelewa mara ya tatu, nitatafuta dereva mwingine." Nyumbani hatukuwa na kazi nyingine ya kutegemea.

Kilichomchelewesha ni macho yake. Aliendesha huku akinong'ona kama mtu anayesali. "Hapo pana dimbwi, watu watashuka barabarani kulikwepa." "Huyo wa bodaboda amegeuza shingo, anakuja huku." Akikaribia lori lililoegeshwa, aliinama kidogo achungulie chini yake, aone kama kuna miguu upande wa pili.

"Wewe ni dere ama ni nabii?" nilikuwa nikimwambia. "Kanyaga mafuta, mama!"

Hakuwa mtu wa hasira kama mimi. Siku moja tu ndipo aliponijibu. "Baba watoto, mimi nimetembea hii barabara kwa miguu miaka saba, Mathare mpaka Industrial Area, nikitafuta vibarua. Wewe watu umewaona kupitia dirisha la gari. Mimi najua mguu unaenda wapi." Nilicheka, nikamwambia ahubiri akiwa mwendoni.

Asubuhi ninayoikumbuka, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mkate ulikuwa umechelewa kutoka tanurini. Bado tungewahi, ila kwa shida. Tukaingia barabara ya maduka, nyeupe, hakuna gari mbele yetu. Nikapiga dashibodi kwa furaha. "Sasa twende!"

Kushoto kulikuwa na pikapu imeegeshwa kando ya vibanda vya mitumba. Juu yake tuliona kichwa na mikono ya mwanamke aliyepanda meza yake, ameshika ncha mbili za turubai, akilikung'uta maji. Turubai lenyewe lilishuka kuelekea barabarani, likapotelea nyuma ya pikapu. Basi. Mimi sikuona kingine.

Mke wangu akakanyaga breki. Gari likasimama kabisa, makreti yakaporomoka nyuma. Wueh! Nilipandwa na hasira. "Hakuna kitu hapa! Unaogopa turubai? Unataka tulale njaa?"

Hakunitazama. "Yule wa pili yuko wapi?" akauliza.

"Wa pili gani?"

Kabla hajajibu, mgongo ukatokea mbele ya pikapu. Mama mmoja, leso kichwani, alikuwa akirudi kinyumenyume na zile ncha nyingine mbili mkononi, akilinyoosha turubai walikunje. Alirudi mpaka katikati ya njia yetu, mpaka mgongo wake ukagusa bampa. Hapo ndipo alipogeuka, akatufokea, "Nyinyi! Hamuoni watu wanakunja turubai?"

"Pole, mama," mke wangu akasema. "Kunjeni tu."

Akangoja. Wakalikunja mara nne, polepole. Niliona aibu, haki ya Mungu. Yule mama wa leso alikuwa hai kwa sababu mke wangu alikuwa amehesabu mikono, na mimi nilikuwa nikimpigia kelele.

Tulishuka kupanga makreti upya. Tukafika Tena watu wameshakunywa chai kavu.

Tuliporudi, mwenye bekari alikuwa akitungoja langoni. "Mama, nini tena?"

"Tulimpisha mtu," mke wangu akasema.

Yule bwana akamnyooshea mkono, akachukua funguo, akanipa mimi. "Wewe unaonekana mwepesi. Endesha wewe."

Sitadanganya. Funguo zile nilikuwa nimezitamani tangu siku ya kwanza. Mke wangu alikuwa ameinamia viatu vyake.

"Mdosi," nikasema, "mimi ningemuua."

"Nani?"

"Huyo tuliyempisha. Alikuwa anatoka kinyumenyume, na mimi sikumwona. Nilikuwa nataka tuongeze mwendo. Ningekuwa kwenye usukani, saa hii yuko chini ya gari lako, na jina la mkate wako limeandikwa ubavuni mwake."

Akamgeukia mke wangu. Sikungoja. Nilimwekea mke wangu funguo kiganjani, nikaenda kupakia makreti ya mzunguko wa pili.

Nyuma yangu nilimsikia yule bwana akimwambia, "Basi nenda. Nitawapigia simu watu wa Tena mimi mwenyewe."