Fimbo ya Mwigizaji

Mzee huyo alikuwa mwigizaji wa filamu enzi zile televisheni ndiyo kwanza inaingia majumbani. Mimi nilimkuta akili imeshaanza kumtoka, katika nyumba ya kutunzia wazee ya Lidcombe, huku ughaibuni, nilikopata kazi miaka michache baada ya kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamnyoa ndevu. Niseme kweli, nilimpenda.

Jumapili moja mchana binti yake, mwenyewe mama mtu mzima, alileta mkanda wa sherehe ya tuzo za filamu iliyorushwa kwenye televisheni baba yake akiwa kijana. Alidhani utamfurahisha. Tukaketi watatu sebuleni. Nikamwona mzee kwenye picha isiyo na rangi: suti, nywele zimelazwa kwa mafuta, mkewe pembeni amevaa glavu nyeupe. Mshindi akatajwa, hakuwa yeye. Kamera ikawageukia. Mzee alitabasamu kwa meno tu. Mkewe alipiga makofi.

Mzee akasimama, mtu ambaye kumtoa kitini kulihitaji watu wawili. Akaipiga televisheni kwa fimbo yake ya kutembelea, akarudia, kioo kikapasuka. Nilikimbia kumshika kiuno asianguke. Akanigeukia.

"Ulimpigia makofi," akasema. "Mbele ya watu wote."

Fimbo ikanipata shavuni. Nilisikia jino likivunjika kabla ya kusikia maumivu. Alipoinua tena nikaudaka mkono wake, nikaukaza, nikaukaza kupita haja. Ngozi ya wazee ni nyepesi. Ilichanika chini ya vidole vyangu, damu ikanichuruzikia, na bado sikuachia. Nilitaka nisikie mfupa. Kule kambini niliishi na mume aliyenipiga, nikaapa hakuna mwanamume atakayeniinulia mkono tena. Kiapo kile hakikuuliza umri wa mtu.

Binti yake ndiye aliyenibandua.

Nilikaa koridoni na barafu shavuni, binti akaketi kando yangu. Akanisimulia kwamba usiku wa sherehe ile alikuwa mtoto wa miaka mitano, na mama yake alirudi glavu zikiwa na damu, akasema ameanguka ngazini. Asubuhi hakuweza kufumbua jicho moja. Hakuna aliyeuliza.

Mwenzangu wa zamu, dada wa Kikongo, alinishauri kwenye fomu ya ripoti ya tukio niandike habari za fimbo tu. "Dada, ule mkono usiutaje," aliniambia. "Wazee hawa huchanika hata kwa shuka." Nilikaa mbele ya ile fomu muda mrefu, ulimi ukigusa pengo la jino. Nikaandika yote mawili.

Nikasimamishwa kazi wiki tatu. Niliporudi walinipeleka ghorofa ya wanawake, nisikutane na mzee. Siku ya kwanza nilimkuta binti yake kwenye lifti, nikamwomba radhi kwa ajili ya mkono wa baba yake. Mlango ukafunguka.

"Niliona ulivyomshika," akasema. "Nilichelewa kukubandua kwa makusudi."

Akashuka kwenda kwa baba yake, nami nikaendelea juu, ambako wazee walikuwa wakingoja kulishwa.