Kabine ya Chini

Yule kijana alipokuja kuniomba ruhusa ya kumchukua binti yangu wiki nzima kwenye meli, nilimkaribisha kwa chai na jicho kali. Alikuwa mchumba wake, mwenyeji wa upande wa Bukavu, Mkatoliki kama sisi, ila kazi yake ilikuwa huko Pemba: kuongoza wageni wanaozamia baharini na kulala humo humo melini. Mtu analipwa kwa kuwatosa wenzake majini! Sikumwamini hata kidogo.

"Munafanyaka nini siku muzima?" nikamuuliza.

"Tunaamka mapema, Mama, tunazama, tunakula. Tunapumzika, tunazama tena. Mangaribi batu bote banachoka, banasinzia ku meza."

Kula, kuzama, kusinzia. Nilitafuta uongo umejificha wapi. "Na kulala, munalalaka wapi?"

"Kila mutu na kabine yake, Mama. Ziko chini, mu tumbo ya bato."

Chini! Kikombe nikakiweka. Sisi wa barabara ya Sake, karibu na ziwa la Lac Vert, chini ya volkano, tunajua chini kuna nini. Kuna mazuku, hewa ya volkano isiyoonekana wala kunuka, inayotulia mabondeni na kuua mbuzi, kuku na mtu aliyejilaza. Kitanda changu mwenyewe nimekiinua juu ya mawe. Na huyu anataka mwanangu wa pekee alale chini ya usawa wa maji, kisha mchana avute hewa iliyofungwa kwenye chupa. Nani aliifunga? Aliipima nani?

Alinieleza kwa upole, binti yangu akisikiliza, kwamba kila mzamiaji ana mwenzake, na kila mmoja huangalia hewa ya mwenzake kabla hawajazama. "Na mwenzako akikuonyesha kidole gumba juu, unapanda. Kuuliza, utauliza kule juu." Maneno matamu. Wanaume wa maneno matamu nimewaona wengi pale Himbi, mtaa wa matajiri, pamoja na magari yao.

Kesho yake alirudi asubuhi kuchukua jibu. Upepo unaotawanya mazuku ulikuwa haujaanza kuvuma. Kuku wangu mmoja alikuwa amelala kwenye shimo nyuma ya uzio, na kijana, kwa kutaka kunifurahisha, akaanza kushuka amwokote. Niliinuka nimwite, nikachelewa. Binti yangu alikimbia hadi ukingoni, akapiga kelele moja, akainua kidole gumba.

Kijana akageuka, akaona, akapanda. Hakubisha, wala hakumtazama kuku tena. Alipofika juu ndipo akauliza, "Kuko nini?" Tulipomweleza kwamba shimo limejaa mazuku, akaketi juu ya jiwe. Nami nilijaa hofu, na hasira pia: kufa kwa ajili ya kuku wangu!

Ruhusa nikaitoa, kwa sharti moja: binti yangu asilale chini. Bado sikuiamini ile meli.

Siku walipoanza safari binti yangu alinipigia simu. Kabine ya juu ilikuwa moja tu, ya kiongozi, na mchumba wake alikuwa amemwachia.

"Na yeye?" nikauliza.

"Yeye iko chini, Mama. Mu ile yangu."

Nilikuwa nimekaa kitandani, na macho yangu yakaenda kwenye yale mawe.

"Umuambie apande," nikasema. "Aweke matela inje, alale popote. Umuambie mama yake amekatala."