Ukurasa Niliokatazwa Kuufunga

Mwanangu alikwenda Kihesa kumuuguza mama yake mdogo. Simu kubwa nyumbani ni moja, nayo ndiyo ninayopigia picha za mchele za kuwatumia wateja, kwa hiyo ilibaki nami Chimala, yeye akachukua kitochi, kile cha vitufe kisicho na intaneti. Kabla ya kuondoka alinifungulia ukurasa wa majina ya waliochaguliwa chuo cha uuguzi. Awamu ya kwanza hakuwamo.

"Ya pili itatokea hapahapa, mama. Usiufunge huu."

Sikuufunga. Niliishia darasa la saba, na kitu nikiambiwa usiguse, sigusi. Kila asubuhi kabla ya kufungua magunia niliwasha simu, nikasoma: "Awamu ya pili: majina yatatangazwa." Nikaizima. Akipiga, namwambia bado.

Siku ya tisa aliniuliza kwa sauti ndogo kama nadhani amekosa. Nikasema vuta subira. Moyoni nilishamwona akirudi kupepeta mchele nami. Si kazi mbaya, imemlea. Ila siyo aliyoiomba.

Siku hiyohiyo nilikwenda steshenari kutoa kopi ya kitambulisho. Mwenye duka ni baba wa makamo. Wazee wake walihamia Usangu na ng'ombe kutoka kaskazini. Akaniuliza habari za binti.

"Majina hayajatoka."

"Yametoka tangu juzi, mama! Mwisho wa kuthibitisha ni kesho."

Nikamsogezea simu. "Soma mwenyewe. Au nyie wa ng'ombe mna intaneti yenu?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mimi sikuwa natania. Nilidhani ananivuta nimlipe anifungulie, na haki yake niiandike: hakuwa ameniomba kitu.

Akaiangalia simu. "Hii umeifungua lini?"

"Aliifungua mwanangu. Akasema nisiifunge."

"Na tangu hapo?"

"Tangu hapo nailinda."

Sasa walicheka hata wa nje. Yeye hakucheka sana. Akaniuliza, "Ukienda kwa mnunuzi unabeba gunia?"

"Nabeba sampuli kwenye kopo."

"Basi kopo ulilojaza wiki iliyopita litajuaje kwamba juzi umeingiza stoo mchele mwingine?"

Akaendelea: hicho ninachofungulia mtandao kinaitwa kivinjari, nacho ni kama mtu wa kutumwa. Kinakwenda kwenye kompyuta ya chuo, kinaomba ukurasa, kinarudi nao, kinaniwekea mbele. Halafu kinakaa. Zipo kurasa zinazojibadilisha zenyewe, lakini huu sio. Nisipokituma tena, hakiendi. Nadhani ndivyo alivyosema. Kama nimepotosha, kosa ni langu, si lake.

"Weka kidole, vuta chini."

"Ukipotea je?"

"Kitaufuata tena. Anwani yake si hii hapa juu?"

Nikavuta. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Ukurasa ukawa mweupe wote, nikajua nimeshauua. Kisha majina yakashuka kama mpunga unaomwagwa turubaini. Tulikwenda nayo polepole, yeye akisoma, mimi nikifuata kwa ukucha, mpaka ukucha wangu ukasimama.

Nikapiga Kihesa. "Mwanangu, umo."

Nikamsikia anamwita mama yake mdogo, wote wakapiga kelele. Aliporudi kwenye simu alikuwa mkali kidogo: "Lakini mama, asubuhi si ulisema bado?"

"Nilikuangalizia kopo."

"Kopo gani?"

"Nitakueleza. Nipe namba yako ya siri ya kuthibitisha, huyu baba akuthibitishie."

Akaitaja tarakimu kwa tarakimu, yule baba akabonyeza. Kikatokea kibao cha kijani: Umethibitishwa.

Nilimwomba radhi palepale, watu walewale wakisikia, maana nilimsema mbele yao. "Yameisha, mama sampuli," akasema, na jina hilo naona litanikaa. Mwanangu naye simlaumu. Aliposema nisiufunge alikuwa sahihi. Hakujua tu mama yake ni mtiifu kiasi gani.

Nilipofika kwenye mizani yangu sikumhudumia mteja kwanza. Nikatoa simu, nikaweka kidole, nikavuta chini. Kiduara kikaenda mpaka huko chuoni kinakokwenda, kikarudi. Bado pameandikwa: Umethibitishwa.