Mabati Yasubiri Kwanza

Mimi ni Mwikoma. Nimezaliwa karibu na lango la hifadhi, ambako baba yangu alikuwa mpishi katika hoteli ya watalii. Akirudi nyumbani hakutusimulia habari za chakula. Alisimulia mapazia, mito ya viti, na ukuta fulani uliopakwa rangi ya asali mpaka wageni wakawa wanaugusa wakidhani haujakauka. Nikakua nikiamini kwamba nyumba isiyopambwa ni sawa na mtu aliyetoka nje bila kunawa uso. Nilipoposwa na Mkurya wa Kemambo, sikuuliza ana ng'ombe wangapi. Niliuliza kama atanijengea nyumba yangu mwenyewe.

Siku ya mahari, baba yake, mzee mrefu mwenye koti refu na kofia ya pama ambayo hakuivua hata jua likiwa la utosi, alisema mbele ya watu wote, "Waikoma tunawajua. Kuwinda wanaweza. Nyumba hawajui, wamezoea kulala wakisikiliza simba." Watu wakacheka, hata wajomba zangu walioletwa kunitetea. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na nilisikia kila neno. Nikaapa kwamba mzee huyu ataingia nyumbani kwangu, atazame kuta zangu, kisha ayameze hayo maneno nikimwangalia.

Nilikuwa mjinga. Mama mkwe ndiye aliyenifungua macho siku chache baada ya kufika, tukipepeta ulezi. Kwa Wakurya, baba hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyeoa. Wana neno lao, ensoni, aibu iliyochanganyika na heshima. Anaweza kukaa uani pangu, akala nilichopika, akanituma maji ya kunawa, ila kizingiti changu hakivuki mpaka anaingia kaburini.

"Hata kuchungulia?" niliuliza.

"Achungulie nini, mwanangu? Kwani kuna nini humo?"

Swali hilo liliniuma kuliko maneno ya siku ya mahari. Kizuri chajiuza, wanasema, lakini changu kilikuwa kimefungiwa dukani na mnunuzi mmoja tu niliyemtaka alikuwa amekatazwa kuingia.

Hiyo ilikuwa miaka ya dhahabu, kabla mitambo mikubwa haijaja, wakati kila mwenye sururu na karai alijiona tajiri wa kesho. Wanaume walishuka kwenye maduara, yale mashimo membamba yanayokwenda chini kama kisima, wakapanda wakiwa vumbi tupu, wakaoga, wakavaa. Mungu wangu, walivyovaa! Mume wangu alikuwa na miwani ya jua aliyoivaa hata wakati wa magharibi, akawa anajikwaa kwenye mbuzi. Akipata, alikwenda Tarime mjini akarudi na mapenzi yake yote mkononi: maua ya plastiki, pazia la lesi, saa ya ukutani iliyopiga wimbo kila saa ikawatisha kuku. Mara moja alileta picha ya mlima wenye theluji na nyumba ya mbao pembeni. Niliitundika nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukifunguliwa haionekani. Ilimchukua muda mrefu kugundua kwamba mlango ule mchana kutwa sikuufunga.

Lakini siwezi kumsema sana, kwa sababu alitupa mabati. Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza katika mji wa ukoo wao kuezekwa bati. Na mimi naye tulikuwa walewale. Fundi cherehani mmoja wa Kiislamu pale Tarime, mtu ambaye wazazi wake walitoka pwani, alinishonea gauni la kitenge lenye mikono iliyotuna mpaka nikawa napita mlangoni kiupandeupande. Nililivaa kwenda kisimani. Acha wacheke.

Kuta zangu nilizipaka kwa udongo, kama wanawake wote. Mweupe niliutoa ukingoni mwa mto Mara, mwekundu ulikuwa kila mahali, mweusi ni masizi. Ila mimi nilitaka rangi ya asali. Niliipata pasipotarajiwa, midomoni mwa maduara yenyewe. Wachimbaji walikuwa wanatupa udongo wa njano kwa sababu hauna kitu. Niliuchanganya na mavi ya ng'ombe na maji, nikaupaka, na ulipokauka ukawa na rangi ya ndizi mbivu, tena una chembechembe za ulanga zinazomeremeta mlango ukifunguliwa asubuhi.

Basi, mwanamke anayetoka kwenye maduara na ndoo kichwani kila jioni hawezi kuachwa hivihivi. Ilisemekana nimeona mkanda wa dhahabu ambao wanaume hawajauona. Wanawake wenzangu walinifuata kimyakimya, wakajaza ndoo zao, wakaenda kuosha mtoni siku nzima, wakapata matope. Jirani mmoja aliacha kunisalimia, akidai nimemchezea. Mume wangu naye, bila haya, alibomoa kipande cha ukuta nyuma ya kitanda akaenda kukiosha kwenye karai. Nilimkuta anaziba tundu.

"Panya," alisema.

"Panya mwenye miwani," nilimjibu.

Sasa nifike kwa mbwa. Mzee alikuwa na mbwa wa kahawia, mkubwa, mvivu, ambaye yeye hakuwa na ensoni na mtu yeyote. Aliingia kwangu alipotaka. Joto likizidi alijiegemeza kwenye ukuta niliotoka kuupaka, akajipooza, kisha akarudi kwa bwana wake akiwa na rangi ubavu mzima. Mwanzoni nilimfukuza kwa mwiko. Halafu siku moja nikiwa natwanga uani, nikamsikia mzee akizungumza.

"Wewe mbwa, leo umetoka wapi? Hii njano ni ya nini? Mwambie huyo aliyekupaka, nyumba ya Mkurya ni nyekundu na nyeupe."

Alijua namsikia. Mtwangio wangu ulisita hewani. Nikaendelea kutwanga bila kuinua macho, nikasema, "Mbwa, mwambie baba nyekundu iko upande wa pili. Wewe ndiye hujafika huko."

Halafu nikasikia kikohozi ambacho, nikimjua mzee yule kama ninavyomjua sasa, kilikuwa kicheko.

Kuanzia hapo tuligombana kupitia mbwa. Akirudi na weupe mgongoni, mzee aliuliza kama kuna msiba. Akirudi na masizi, aliuliza kama mtu amepika ndani ya kitanda. Mimi nilimtuma mbwa majibu, na mbwa alilala katikati yetu akitikisa mkia, hajui anabeba nini. Nikaanza kumwacha ajiegemeze makusudi. Nilikuwa namwonyesha mzee nyumba yangu kwa vipande, ubavu huu na ule.

Niliona pia kwamba shida haikuwa yangu peke yangu. Mzee alikuwa akipitisha kidole kwenye manyoya ya mbwa na kukitazama kwenye mwanga. Jioni alimhoji mkewe, ambaye aliingia kwangu kila siku.

"Ndani kuko namna gani?"

"Kumepakwa."

"Kumepakwaje?"

"Kwa mkono."

Mama mkwe alikuwa mwanamke mwema kupita kiasi, lakini hakuwa na jicho. Siku moja hasira zilinipanda, nikalisogeza pazia la lesi hadi mwisho, mlango wazi, mzee akiwa ameketi uani akiutazama. Aliinuka taratibu, akageuza kigoda chake, akaketi akiwa amenipa mgongo. Nilimheshimu kwa jambo lile, na nilitamani kumtupia kigoda hichohicho.

Kisha ardhi ikaanza kulalamika. Maduara yalikuwa yamekwenda chini ya kilima chetu pande zote, hakuna aliyejua lipi limekutana na lipi. Ufa ulitokea uani, mdogo kama mstari wa fimbo, baada ya mvua ukawa unameza mguu wa mbuzi. Ukafika kwenye ghala la mahindi. Ndugu wa ukoo walikaa, wakakubaliana mji uhame, uende chini upande wa mtoni, kwenye shamba la mihogo.

Mwenye bati haachi bati lake nyuma. Asubuhi moja mume wangu alipanda juu na kuanza kung'oa misumari, na mimi nikawa uani nafunga vyombo. Bati la mwisho liliposhuka, jua liliingia nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza. Kuta nilizozizoea kwenye mwanga wa mlango ziliwaka zote kwa pamoja. Nililia waziwazi, sikujali nani ananiona.

Mzee alikuja na kusimama mbele ya kizingiti. Alitazama juu, akatazama ndani, akamwita mkewe.

"Hii ni nyumba?"

Mama mkwe aliinua uso. "Nyumba ina mawingu ndani? Hilo ni boma tu, hata ng'ombe wanaweza kulala humo."

Mzee akavua pama. Sikuwa nimewahi kukiona kichwa chake. Akaingia.

Alipita kwenye njano taratibu. Upande wa nyekundu, pale kilipokuwa kitanda chetu, alipita amegeuza uso, ingawa kitanda kilikuwa tayari juu ya mkokoteni. Halafu akawafikia nyumbu. Mbwa hakuwahi kumpelekea hao, kwa sababu walikuwa juu mno ukutani. Nilikuwa nimewachora kwa vidole, kwa udongo mweupe na masizi, msururu mzima ukizunguka chumba, kama walivyokuwa wakipita kwetu Ikoma kila mwaka. Mzee aliwafuata kwa ncha ya kidole bila kuwagusa, ukuta hadi ukuta, mpaka wakamfikisha mlangoni. Akatoka. Akavaa kofia yake na kwenda kusaidia kufunga ndama.

Hakusema neno. Nilisubiri mchana kutwa. Nilisubiri kesho yake tukiwa tunashuka na mizigo. Ningekubali hata matusi. Nilijiambia kwamba alichosema siku ya mahari ndicho anachokiamini, na kwamba nimepoteza miaka nikimpakia mtu asiye na macho.

Kule chini, kuta mpya zilisimama haraka, za fito na udongo. Mimba yangu ilikuwa imeanza kuonekana na mawingu yalikuwa yanakusanyika, kwa hiyo mume wangu alipanga mabati tayari kwa kuezeka. Mzee akaja.

"Mabati yasubiri kwanza," alisema. "Mbao hazijakauka."

Kesho yake misumari ilikuwa mifupi. Siku iliyofuata upepo haukuwa mzuri. Mume wangu, akiuliza tangu lini upepo ukazuia kuezeka, alikwenda zake kwenye maduara. Mzee alichukua kigoda chake, akaingia ndani ya nyumba yangu isiyo na paa, akaketi akiutazama ukuta mtupu.

Mimi nilikuwa kwenye kona nasawazisha sakafu. Tulikaa hivyo, kila mtu amempa mwenzake mgongo.

"Wale nyumbu," alisema, na hapakuwa na mbwa yeyote karibu, "walikuwa wanakwenda wapi?"

Jembe lilinitoka mkononi. "Wanafuata mvua, baba."

"Na hapa watapita?"

Nilikimbia na tumbo langu kwenda kuchukua udongo mweupe.

Hakuna mwanamke mwenye akili anayepamba nyumba kabla ya paa. Mama mkwe aliniuliza kama kwetu Ikoma mvua hainyeshi. Mzee akamwambia, "Mwache, anajaribu udongo." Akaja kesho yake, akaja na siku zilizofuata. Alinisimulia jinsi mama yake alivyochora mistari ukutani kwa kitana cha mbao, na kwamba tangu mama yule afariki hakuwahi kumtazama mtu akipamba nyumba. Mvua ikaja usiku na kuufuta ukuta wa upande wa mto, nyumbu wote wakawa tope. Niliona aibu. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. "Wamevuka mto," alisema. "Walete wengine." Nikawaleta.

Mwisho mume wangu alichoka. Alisimama mlangoni na nyundo, akamwita baba yake kwa lugha yao. "Tata, mawingu yale unayaona. Mke wangu atalala wapi na hali yake?"

Mzee aliyatazama mawingu. "Pandisha, mura," alimwambia mwanawe.

Nilijua ni haki. Hata hivyo nilitamani mvua yote ya dunia inyeshe kwingine. Bati la kwanza lilipogongwa juu yetu, mzee aliinuka, akachukua kigoda. Alitoka kinyumenyume, macho kwenye kuta, mpaka kisigino kikagusa kizingiti. Hapo akasimama.

"Sijaona ndama," alisema. "Msururu wote ule, hakuna ndama hata mmoja?"

"Nitaweka, baba."

"Weka wengi."

Akavuka nje. Mabati yaliendelea kupanda, giza likashuka ukutani kidogo kidogo, na mimi nikachovya vidole nikaanza na ndama. Mzee alikuwa ameketi uani, ameupa mlango mgongo kama inavyotakiwa.

"Wa kwanza yuko wapi?" aliuliza kutoka nje.

"Chini ya tumbo la mama yake."

"Na miguu yake?"

"Bado inatetemeka," nilimwambia, na nikaendelea kumwambia, ndama mmoja baada ya mwingine, mpaka ukuta ukaisha.