Turbo ya Baba na Mrija wa Pombe

Enzi zetu gari likipiga kelele lilikuwa linaumwa, na mwenye gari aliona aibu. Leo mtoto wa watu anauza simu yake ili gari lipige kelele. Wanakuja hapa dukani kwangu, mtaa wa Gitega, suruali zimewabana kama soksi, wananiambia, "Mama Spea, tunataka ile vali ya pshii." Namuuliza mmoja, gari lako lina turbo? Anamtazama mwenzake. Mwingine gari lake ni la dizeli, halina haja na kitu hicho hata kidogo, lakini anakitaka. Juzi kaja mmoja kunionyesha kidude alichofunga chini ya boneti. Nikakigeuza, nikakitazama, kumbe ni kipaza sauti! Kinalia pshii, na gari lenyewe lina nguvu za mashine ya kusaga mihogo. Nilimwambia aende akafunge kingine cha kulia kama ndege ya abiria, labda litaruka.

Wateja husema nina mdomo mbaya. Ninao. Shule niliishia darasa la sita, na spea nilianza kuziuza nimezitandaza juu ya gunia, mvua ikinyesha nazifunika na kanga yangu mwenyewe. Leo nina duka la mlango wa chuma. Simbembelezi mtu. Nyinyi wa rika langu, mliokulia mitaa hii, mtanielewa. Hawa wengine wasome wakipenda.

Nakumbuka tulivyokuwa watoto hapa Gitega, mwaka wa tisini na moja, tisini na mbili. Nyumba zimebanana, ukipiga chafya jirani anakuambia pole. Gari la kuchezea ulijitengenezea mwenyewe kwa waya, magurudumu umeyakata kwenye kandambili iliyokufa, na usukani mrefu kama fimbo ili uendeshe umesimama. Mimi msichana nilikuwa na langu, na atakayesema wasichana hawakucheza magari aje tubishane. Mpira tuliusuka kwa majani makavu ya migomba. Jioni maharage yanachemka kwenye kila ua, harufu imechanganyika na moshi wa makaa, na mama akikuita mara ya pili hujafika, ya tatu hakuiti, anakufuata. Mama yangu alikuwa na maneno yake: "Ukija umechanika nguo nitashona nguo, ukija umechanika mguu nitakushona wewe." Hatukujua kama anatania. Leo mtoto ana gari la kuchezea la betri, limeandikwa lugha tano, na baada ya siku mbili amelisahau chini ya kitanda.

Baba alikuwa dereva. Mzungu aliyemwajiri alipoondoka kwa sababu ya vita vya mpakani, alimwachia gari lake, dogo, la rangi ya divai, lenye turbo. Mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuona turbo. Tulichojua ni kwamba lilipanda mlima kama limetukanwa. Tatizo lilikuwa moja: baba akiachia mafuta, gari lilikohoa, krr-tu-tu-tu, kama kuku aliyemeza punje kubwa.

Kwa asiyejua, na wapo wengi wanaojifanya wanajua: turbo inasukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Dereva akiachia mafuta ghafla, hewa hiyo inakosa pa kwenda, inarudi kuigonga turbo. Hicho ndicho kikohozi. Vali inaifungulia hewa mlango itoke. Pshii. Basi. Mlio ni takataka ya kazi, siyo kazi yenyewe.

Wabeba mizigo wa stendi ya Nyabugogo walikuwa wanamngoja baba. Akipita tu, wanaweka magunia chini na kukohoa kwa pamoja. "Baba Inosenti, mpeleke mgonjwa hospitali!" Inosenti ni kaka yangu. Sisi watoto nasi tulikohoa, nyuma ya nyumba, baba asisikie. Baba alikuwa mtu wa heshima zake, viatu vyake vinang'aa mpaka unajiona uso, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

Ndipo akaja baba mdogo Karoli. Karoli alikuwa fundi, yaani alikuwa na spana na alikuwa haogopi kitu. Alikuwa pia mnywaji aliyejulikana mpaka mitaa ya mbali. Kuna fundi mgeni aliyekuja na magari ya mashindano, akaondoka na kumwachia Karoli vali ya mtumba, kitu cha aluminiamu kinachofanana na uyoga. Karoli akaitembeza mtaa mzima kama mtoto mchanga.

Siku aliyoifunga ilikuwa Ijumaa, kesho yake mdogo wake mama anaolewa, mtaa wa Niboye. Ua wetu ulijaa wanaume wameuzunguka mtungi wa pombe ya mtama, mrija mmoja wa mwanzi unazunguka mdomo kwa mdomo kama desturi. Karoli akatoboa bomba la hewa, akakaza uyoga wake, vizuri tu, kwa klipu. Halafu akakwama. Vali hiyo ina mpira mdogo, kama bomba jembamba, ambao lazima uvute hewa kutoka kwenye injini, ndiyo ijue wakati wa kufunguka. Kiungo cha kuupachika, kile chenye midomo mitatu, hakikuwepo.

Mtu mwenye akili angengoja Jumatatu. Karoli aliinuka, akamnyang'anya mzee mmoja mrija akiwa katikati ya kunyonya, akaukata vipande.

"Karoli! Tutakunywa na nini?"

"Nyweni na mikono, mimi ninafanya kazi."

Akatoboa kipande kimoja kwa msumari wa moto, akachomeka kingine ubavuni, akaziba kwa nta ya mshumaa wa mama wa kusalia rozari. Hicho ndicho kiungo. Na akakipachika wapi? Aliukata mpira wa serivo ya breki. Mpira huo ndio unaovuta hewa ili pedali ya breki iwe laini mguuni.

Baba, hata yeye, alishtuka. "Si huo ni wa breki?"

"Kaka, hewa ni hewa. Breki haiwezi kuimaliza yote peke yake."

Wanaume wakacheka sana. Mpaka leo naisikia sentensi hiyo kila kijana anaponiambia, mama, tutaunganisha tu popote.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. "Mimi kwenye gari la mrija sipandi."

"Shemeji, utapanda, na utaomba ukae mbele."

Wakaliwasha, wakazunguka mtaa. Baba akakanyaga, akaachia. Pshiii! Watoto wote wa Gitega tukalikimbilia. Mimi gari langu la waya nililiona upuuzi saa ile. Tulilala tukiigiza kwa midomo mpaka mito ikalowa mate.

Asubuhi ya harusi tulishuka Nyabugogo kumpokea bibi yetu aliyekuwa anakuja na basi. Baba kwenye usukani, Karoli kando yake, mama na sisi wawili nyuma. Mama alipanda, maana kitenge kipya hakitembei kwenye vumbi.

Chini ya mteremko wa kwenda huko kulikuwa na kizuizi cha askari. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa, ila wadogo sikilizeni. Kulikuwa na vita. Gari lilipunguza mwendo kutoka mbali, vioo vinashushwa, mikono inaonekana. Gari lisilosimama lilipigwa risasi, na hakuna aliyeuliza kwa nini halikusimama. Na kitambulisho siku hizo kiliandikwa kabila. Cha mama kilikuwa na neno ambalo liliwafanya askari wakae nacho muda mrefu. Kwa hiyo kabla ya kila kizuizi mama alikitoa mkobani mapema na kukishika magotini.

Baba alikuwa anacheza. Mtu mzima yule! Anakanyaga, anaachia, pshii, wabeba mizigo wa kando ya barabara wanageuka, yeye anatazama mbele kama hajui. Akabonyeza breki mara moja, ikashika. Karoli anachekelea.

Mama akasema, "Nani kawasha mshumaa?"

Gari zima lilinuka kanisa. Nta ilikuwa inayeyuka.

Kisha injini ikaanza kunguruma yenyewe, baba hajaigusa, maana mrija umefunguka na inavuta hewa ovyo. Baba akabonyeza breki tena, ikashika kidogo. Akabonyeza mara ya tatu, na nikamwona mgongo wake ukinyooka. Pedali imekuwa jiwe.

"Karoli, breki."

"Bonyeza tu kaka."

"Nabonyeza!"

Akaingiza gia ya pili, gari likalia. Akaingiza ya kwanza, nikagonga kiti cha mbele kwa kipaji cha uso. Karoli akaning'inia kwenye breki ya mkono. Baba alikuwa amesimama, narudia, amesimama kwa miguu yote miwili juu ya pedali, kichwa kimegusa paa, na kule chini nilimwona askari akiinua mkono, kisha akiushusha na kuinua bunduki. Mama alitukandamiza chini ya viti, mimi na Inosenti, akatulalia.

Gari lilisimama pua yake imegusa pipa la kizuizi. Liligonga taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

"Tokeni! Mikono juu!"

Tukatoka. Mmoja akachukua vitambulisho. Mwingine, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, akaamuru boneti ifunguliwe. Akauona uyoga.

"Iko nini hii?"

"Vali ya turbo, afande," Karoli akasema. "Inapumua tu."

"Inapumua? Kutoka juu huko nimesikia nyoka. Hebu pumuisha nione."

Baba akakanyaga mafuta, akaachia. Kimya. Mrija umepasuka, mpira hauvuti kitu, uyoga umefunga mdomo. Akarudia. Kimya.

"Kwa hiyo haipumui," askari akasema polepole. "Sasa uniambie ukweli. Ni ya nini?"

Nyuma yake yule wa vitambulisho alikuwa amefika kwenye cha mama. Alikitazama, akamtazama mama, akakitazama tena. Akamwambia, "Wewe, njoo huku kando." Mama akapiga hatua.

Hapo Karoli akapiga magoti mbele ya gari, na suti yake ya harusi, akauchomoa ule mpira mdogo, akautia mdomoni, akanyonya. Alinyonya kama alivyonyonya pombe maisha yake yote, mashavu yamebonyea, macho yametoka. Na uyoga ukafunguka! Ukafungua kinywa kama samaki. Akaachia, ukafunga. Akanyonya, ukafungua.

Askari akainama, akachungulia. "Rudia."

Karoli akarudia.

"Hebu njooni muone! Huyu mtu anakunywa gari!"

Wakaja wote. Yule wa vitambulisho naye akaja, vyetu vyote mkononi, na cha mama juu. Walimnyonyesha Karoli mpira ule mpaka midomo ikawa myeusi ya mafuta, wanacheka, wanapigana mabega, mmoja akataka ajaribu mwenyewe akashindwa, wakamcheka yeye. Katika kucheka huko, mwenye vitambulisho akamrudishia baba vyote kwa pamoja, bila kutazama, kama mtu anayeondoa uchafu mkononi.

"Nendeni. Kikilia tena hapa, tunapiga."

Karoli akatupa mrija, akauvuta mpira wa breki uliobaki mpaka ukafika kwenye injini, akauchomeka moja kwa moja. Tukaondoka polepole. Baba alisema neno moja tu, "Utaitoa," na Karoli akaitikia, "Ndiyo kaka," na mdomo mweusi. Ni mama aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka Nyabugogo, bibi akapanda akauliza kuna nini, mama akacheka mpaka Niboye huku anajifuta machozi kwa kitenge kipya, na harusini alipokuwa anacheza nilimwona anasimama katikati ya watu, anashika tumbo, anaanza tena.

Watu wa rika langu tunapenda kuwaambia watoto kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Tuache uongo. Waliokuwa wazuri ni watu. Mama na Karoli hawakuumaliza mwaka wa tisini na nne. Hayo siyaandiki, wala sitaki kuulizwa. Kujua kwangu magari kumetokana na wajinga wale wawili, baba na mdogo wake, na mpaka leo sijapata wajinga wa kiwango chao. Hawa wa sasa ujinga wao hauna hata kazi ya mikono ndani yake. Wanaununua umeshafungwa kwenye plastiki.

Jioni nikishafunga duka nawasikia wakishuka kwenda Nyabugogo. Pshii, pshii, kama nyoka wenye mafua. Nawatukana kutoka kibarazani, majirani wamezoea. Lakini siingii ndani mpaka mlio ufike chini. Kule chini siku hizi kuna taa tu. Ikiwaka nyekundu, wanasimama, na hakuna anayewauliza wao ni nani. Ikiwaka kijani, wanakwenda zao.