Kiti cha Nyuma cha Gari la Bi Rukia

Siku ile naikumbuka hata kwa harufu yake, mwanangu. Harufu ya makumbi ya nazi yanayoungua, katikati ya uwanja wa ukaguzi wa magari pale Kilifi, na mimi nimesimama kando na shati langu lililopigwa pasi, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Juzi ulikuja kunionyesha bomba jipya la moshi ulilofunga kwenye gari lako. Ulilivumisha hapo mlangoni mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta, kisha ukanitazama ukingoja nikusifu. Sikukusifu, wala sikukukemea. Nilijiona mwenyewe miaka ya themanini, nywele bado zimejaa kichwani na akili yote iko kwenye mguu wa kukanyagia mafuta. Basi kaa nikuhadithie, na chai yako usiiache ikapoa.

Nilikuwa dereva wa Bi Rukia, mkunga wa Malindi mjini. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye mikono ambayo mpaka leo sijaona mfano wake. Akiitwa Sabaki huenda, akiitwa Marafa huenda, na hakuuliza mjamzito ni mtu wa wapi wala anasali wapi. Alijitia buibui, akachukua kikapu chake, akaniambia, "Twaibu, twende." Niliwaona wanaume wazima wakimlilia kwa furaha, naye akiwaagiza wakachemshe maji. Nilimpenda na kumheshimu kama mama yangu mzazi, na hilo ndilo linalonifanya nione haya zaidi kwa haya nitakayokwambia.

Gari lilikuwa lake, gari dogo jeupe aliloachiwa na marehemu mumewe. Siku ambazo haitwi, aliniruhusu niliendeshe teksi, na kwa sababu hiyo kila mwaka lilipaswa kukaguliwa. Mwenyewe alikaa nyuma siku zote, vioo vyake vimefungwa kwa ajili ya vumbi. Mwanamke wa heshima zake hakai mbele na dereva, na akiwa na mjamzito wa kupelekwa hospitali, alimlaza pale pale nyuma akamshika mkono njia nzima. Mimi nilikuwa mbele, kioo kimeshushwa, upepo wanipiga usoni, najiona mfalme.

Sisi vijana wa teksi tulishindana kwa mlio. Nilikuwa na rafiki yangu fundi, Charo, Mgiriama mwenye gereji ndogo njia ya kwenda Sabaki, hodari wa kuchomelea kuliko wote mjini. Nilimwendea nikamtaka aitoe sailensa, lile kopo la kuzima mlio, na kulikata bomba katikati, lingurume. Alikataa.

"Moshi umewekewa njia yake mpaka nyuma ya gari," akaniambia. "Ukiukatia hapa kati, utatafuta njia nyingine."

Nikamjibu kwa kiburi kwamba sikuja kwake kusomeshwa. Nilimwandama siku tatu mpaka akachoka, akakata. Bomba likaishia chini ya kiti cha nyuma. Na lilinguruma, mwanangu, nisikudanganye! Nilipokuwa nakata kona ya sokoni watu waligeuka wote. Nilichokuwa sikijui, kwa kuwa sikuwahi kuinama nikatazama, ni kwamba chumvi ya bahari ilikuwa imelitoboa toboa bati la sakafu chini ya kiti kile.

Ulipofika wakati wa ukaguzi, badala ya kurudi kwa Charo na kumwomba radhi, nikajifanya mjanja. Sailensa ya zamani ilikuwa kwetu, mama anaizuilia mlango wa banda la kuku, lakini kuirudisha niliona ni kukubali kwamba nimekosa. Nikachukua makumbi ya nazi, nikayafunga kwa waya, nikayashindilia ndani ya bomba lililokatwa ili mlio ufifie. Kisha nikatafuta kipande cha bomba kizuri, nikakipaka rangi ya fedha, nikakining'iniza nyuma ya gari kwa waya. Hakikuunganishwa na kitu chochote. Kilikuwa pambo tu, na nilikiona kimependeza.

Asubuhi ya safari Bi Rukia akasema tutakwenda pamoja, ana nduguye Kilifi anataka kumjulia hali. Njiani aliniambia jambo lililonikata maini.

"Twaibu, mwanangu, huu ndio mwezi wangu wa mwisho. Nimeshawaambia watu wa Marafa watafute mkunga mwengine."

"Kwani kuna nini, Bi Rukia?"

"Uzee umenifika. Kila nikitoka safari kichwa chaniuma, kizunguzungu, moyo wanichafuka. Juzi nilifika kwa mtu hata mikono yanitetema. Sitaki kuja kumwangusha mtoto wa watu."

Kioo changu kilikuwa wazi na upepo ulikuwa mzuri. Nilimwambia pole, nikamwambia apunguze chumvi. Ndivyo nilivyokuwa na akili nyingi.

Mkaguzi alikuwa mtu wa bara, mrefu, mzito wa maneno, mwenye leso nyeupe iliyokunjwa vizuri mfukoni. Mashine hakuwa nayo. Alikuwa na masikio, pua na ile leso, na nakwambia sijaona mtu anayejua kazi kama yule. Alilizunguka kila gari polepole, akaliinamia, akagusa, akanusa. Hakumpigia mtu kelele. Alipofika kwetu alimwamkia kwanza Bi Rukia, aliyekuwa amebaki ndani ya gari kukwepa jua, kisha akaniagiza nitie moto na nikanyage mafuta nisiachie.

Mlio ulikuwa mpole. Nikafurahi. Akaenda nyuma, akafunga leso yake kwenye mdomo wa lile bomba langu la rangi ya fedha, akangoja. Leso haikutikisika. Akaifungua, akaitazama, nyeupe vile vile kama alivyoitoa mfukoni.

"Kijana," akasema, "hii gari injini inazunguka lakini haipumui. Sasa moshi inaenda wapi?"

Kabla sijapata uongo wa kumjibu, makumbi yakashika moto. Bi Rukia akaanza kukohoa. Moshi ulikuwa unapanda kutoka sakafuni, miguuni pake, unamzunguka. Mkaguzi alifika mlangoni kabla yangu. Akamtoa kwa adabu, akamkalisha kivulini, akaagiza maji. Mimi nikazima gari, nikachomoa makumbi kwa bisibisi huku mikono yangu inaungua, na madereva wenzangu wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Mkaguzi hakucheka. Moshi wa makumbi ulipotoka wote, akanifungulia mlango wa nyuma.

"Ingia. Keti pale mama alikuwa ameketi. Funga vioo vyote."

Nikaingia. Akaketi nafasi yangu, akashusha kioo chake, akatia moto, akaliacha gari lingurume ngurumo ile niliyoipenda. Makumbi hayakuwapo tena. Huo ulikuwa moshi wa kila siku. Mwanzo sikuona kitu, nikamwona ananichelewesha bure. Baadaye kidogo kichwa kikaanza kugonga. Macho yakawa mazito, moyo ukanichafuka, nikatazama mikono yangu nikaiona inatetemeka. Hapo maneno ya Bi Rukia yakanirudia yote, moja moja, na nikalia mle ndani kama mtoto.

Mkaguzi akazima. Akanigeukia kitini.

"Wewe unaendesha hii gari kila siku," akasema. "Hujawahi kukaa huku?"

Sikuwahi. Hata siku moja.

Cheti hakunipa, na alifanya haki. Alinipa siku chache za kurekebisha. Nilimwacha Bi Rukia kwa nduguye, nikarudi Malindi vioo vyote vinne wazi, nikaenda kwa Charo na sailensa ya banda la kuku kwapani. Nilikuwa nimejiandaa kusutwa. Charo aliipokea, akaipangusa kinyesi cha kuku, akaingia chini ya gari. Aliunganisha bomba mpaka nyuma, akaziba sakafu yote kwa bati jipya, na neno la "nilikwambia" halikumtoka. Uungwana ule sijausahau, na gari likapita ukaguzi.

Lakini kazi ngumu ilikuwa kumwambia Bi Rukia. Aliporudi nilimwendea uani kwake, nikapiga magoti, nikamweleza yote: mlio, bomba, bati lililotoboka. Nilidhani atanifukuza, na ningestahili. Aliinyoosha mikono yake mbele, akaitazama. Ilikuwa imetulia.

"Kumbe sijazeeka," akasema. Akacheka, machozi yakimtoka. "Twaibu, washa gari. Watu wa Marafa waambiwe nakuja."

Alifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Watoto aliowapokea siwezi kuwahesabu, na kila nilipomsikia mmoja akilia kwa mara ya kwanza, nilikumbuka kwamba nusura nimnyime mkono ule kwa sababu ya mlio wa gari.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Kitu chako kikikupendeza, usikipime ukiwa mahali pako pazuri penye upepo. Nenda ukakae alipokaa yule unayemchukua, ufunge vioo kama anavyofungiwa yeye, ukae hasa. Na fundi anayejua akikukataza, mshukuru, usimchoshe mpaka akakutii. Ukikosa, kosa lako libebe mpaka kwa uliyemkosea, hata kama magoti yatakuuma.

Mungu akulinde barabarani, akupe marafiki kama Charo, na kila utakayempakia ashuke mzima kama alivyopanda. Nami nakuombea hivyo kila alfajiri.

Kesho utakapokuja kunichukua kwenda Marafa, usinifungulie mlango wa mbele. Nitakaa nyuma, pale wanapokaa mkeo na mtoto.